Frasila za Pembe na Maisha ya Mpagazi

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukuandikia tofauti tano kati ya ukuaji wa uchumi na maendeleo ya watu, kwa jedwali la safu mbili, akapata alama zote. Kushoto pato la taifa, kulia afya na elimu. Jedwali hilo linanisumbua. Mambo yakipangwa sambamba huonekana ya ngazi moja, na mtoto huondoka darasani na orodha kichwani huku swali lenyewe halijamgusa: mali inaongezeka kwa ajili ya nani?

Anayefundisha Bagamoyo ana pa kuanzia, tena mlangoni kwake. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi walitua hapa pembe za ndovu, zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja, zikapimwa kwa frasila na kutozwa ushuru wa forodha. Nyingi ziliishia katika viwanda vya Connecticut, Marekani, zikachongwa vibao vya kinanda. Mwanafunzi achukue kipimo cha leo cha pato akipeleke Bagamoyo ya 1870. Atakuta mji unaostawi.

Kisha aitazame bidhaa nyingine iliyopita njia hiyo hiyo. Mateka aliyekamatwa bara na kushushwa pwani alikuwa na bei, na katika daftari la mfanyabiashara aliandikwa upande mmoja na pembe. Mwaka 1873, kwa mkataba na Waingereza, Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Kwa anayepima biashara peke yake, ile ilikuwa hasara. Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi, na sijui mahali pengine inapoonekana wazi zaidi: ukuaji unaweza kumhesabu mtu kama kifaa, hata kama kitu cha kuuzwa, na hesabu ikatoka sawasawa. Anayepima maendeleo ya watu hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa anachokipima ni maisha ya mtu huyo huyo.

Historia, hata hivyo, haituruhusu kwenda mbio. Wengi waliobeba pembe walikuwa watu huru. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kwa ujira, wakabishana na wenye misafara juu ya posho na uzito wa mzigo, wakagoma au kutoroka walipoona wanadhulumiwa. Kijana aliyetoka Tabora na mzigo wa kilo 30 hivi begani, akatembea miezi miwili au mitatu, aliweza kurudi kwao na nguo za kuanzia maisha. Frasila ya pembe aliyoileta yeye na ile iliyobebwa na mtumwa zilipata bei moja sokoni. Mizani ya forodha haikuwa na namna ya kuzitofautisha, wala haikuundwa kwa kazi hiyo.

Mwanafunzi mwerevu atanyoosha mkono: mwalimu, bila hela dawa inatoka wapi? Asinyamazishwe, maana nchi yetu imelipia swali hilo. Mwaka 1977 Tanzania ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, watoto wakajaa madarasani. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, vitabu na madawati vikakosekana, michango na ada zikarudi, uandikishaji ukashuka. Ada ya shule za msingi ilifutwa upya 2001. Lakini tumeonja na upande wa pili: baadaye uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 6 karibu kila mwaka, na bado umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 tu mwaka 2017/18. Fedha ni lazima. Kuwa lazima hakuifanyi iwe ndiyo shabaha.

Mahbub ul Haq wa Pakistani, akisaidiwa na Amartya Sen wa India, alileta mwaka 1990 kipimo kinachounganisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Kilikuwa hatua kubwa. Ila nacho hukaririwa kama wimbo, na kuna jambo hakiligusi, ambalo Nyerere alilisisitiza mwaka 1968 alipoandika juu ya uhuru na maendeleo: watu hawaendelezwi na mwingine, hujiendeleza wenyewe, kwa kuamua na kutenda. Mtu aliyejengewa zahanati bila kuulizwa amepata huduma. Heshima ya kuwa mwamuzi bado anaidai.

Ndiyo maana ningewapeleka wanafunzi Mbegani, kusini kidogo mwa mji. Mwaka 2013 serikali ilitia saini na kampuni ya China Merchants makubaliano ya bandari kubwa, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Mwaka 2019 ukasimama. 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuufufua. Ukijengwa, kila mfuko wa saruji utaingia katika pato la taifa. Mikoko ikikatwa, boriti zikiuzwa zitahesabiwa. Mazalia ya kamba yaliyopotea hayatatolewa katika hesabu hiyo. Mama anayekaanga samaki sokoni akihamishwa mbali na kisima, akaanza kununua maji kwa dumu, nayo yatasomeka kama ongezeko.

Swali la mtihani liwe hili: bandari ya Mbegani ijengwe, na kwa masharti gani? Mtoto wa mvuvi anaweza kukataa, na jirani yake mwenye kaka dereva wa lori akakubali. Wote wawili wapewe alama iwapo wametaja nani analipa, nani anapata, ataweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza, na alikaa wapi siku uamuzi ulipopitishwa.