Deni la Baba Aliyefariki ni la Nani?

Tuseme mkulima wa Ludewa alichukua mbolea kwa mkopo mwezi wa Novemba, akaahidi kulipa atakapovuna. Mauti yakamfikia mwezi wa Machi, mahindi yangali shambani. Makaburini ikatangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na mwenye mbolea akajitokeza. Mwana amjibu nini?

Deni hilo li juu ya mali ya marehemu. Kurani Tukufu, katika Sura Nisaa, itajapo mafungu ya warithi yakariri kwamba ni baada ya wasia na deni. Sheria ya Tanzania nayo humtaka msimamizi wa mirathi alipe madeni kwanza, ndipo agawe. Basi mahindi yale si urithi bado. Mwana akiyauza na kumwambia mdai kwamba mzee amekwenda na mambo yake, amekula mali ya mtu.

Zubeir r.a. aliuawa mwaka 656, akaacha ardhi na deni la 2,200,000 kwa fedha ya wakati ule. Mwanawe Abdullah akauza ardhi, akalipa. Warithi walipodai mafungu yao aliwazuia, akatangaza wakati wa Haji miaka minne mfululizo kwamba anayemdai Zubeir aje. Warithi wa siku hizi huona siku arobaini kuwa nyingi!

Na mali isipotosha? Hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Mwana fukara hana dhambi, wala mdai hana haki ya kumnyang'anya jembe lake. Lakini Mtume s.a.w. alipoletewa maiti ya mtu aliyedaiwa dinari chache, hakumsalia mpaka Abu Katada r.a. alipojitwisha deni lile, naye hakuwa mwana wa marehemu. Mwana mwenye uwezo atatoa udhuru gani?

Wengine waliosilimu huuliza: baba yangu alikufa katika dini nyingine, yanihusu? Haki ya mdai haikatwi na tofauti ya dini, na Sura Lukman yaamuru wema kwa wazazi hata wakishindana nasi katika imani.

Yabaki shida ya mjane na watoto wanaotazamia mahindi yale yale. Mdai naye ameamriwa ampe muhula aliye katika dhiki. Basi waketi pamoja mbele ya mashahidi, waandike: magunia kadhaa mavuno haya, yaliyosalia mavuno yajayo, na akipenda kusamehe sehemu, nalo liandikwe.