Nusu toni ya Maria
Mwanafunzi wa muziki akiniuliza aanze na tamthilia gani ya nyimbo, namtajia West Side Story, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1957. Muziki ni wa Leonard Bernstein, maneno ya Stephen Sondheim. Katika wimbo "America", mapigo sita hupangwa matatu-matatu, kisha mawili-mawili, kwa kupokezana. Aliyekulia karibu na ngoma atalitambua hilo mwilini kabla hajalisoma kwenye nota.

Lakini kinachonishika mimi ni jina la Maria linavyoimbwa katika tamthilia hiyo hiyo. Noti ya pili inaning'inia, haina pa kutua, mpaka ya tatu ipande nusu toni. Nusu toni tu, na moyo unafunguka! Ijaribu jioni hii kwenye kinanda, polepole, huku ukiimba.