Taji la Muhammad Ankoni

Msafiri avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani hupokewa ufukweni na Gereza. Kuta nyingi anazoziona ni za zama za Waomani, lakini ngome ya kwanza ilijengwa na Wareno mwaka 1505, siku zile zile walizomvisha taji muungwana wa Kilwa aitwaye Muhammad Ankoni. Habari zake ni nadra kusikika barazani. Akitajwa, hutajwa kwa neno moja tu: kibaraka. Nami kwa muda mrefu nililikubali neno hilo. Leo naliona fupi mno kwa kimo cha mtu mwenyewe.

Ankoni alikuwa mtu wa mali na makamo, mtunza hazina ya mji. Nisba yake, ad-Dabuli, yaashiria Dabul, bandari ya magharibi ya Bara Hindi. Basi damu yake haikuwa ya kisultani. Lakini Amiri Ibrahim, aliyetawala wakati huo, naye hakuwa na haki iliyo safi zaidi: alikikalia kiti baada ya Sultani al-Fudail bila ya kuwa wa ukoo wake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya mji akidai kodi ya dhahabu kwa jina la mfalme wa Ureno. Ibrahim akamtoa Ankoni awe rehani, kisha akanyamaza. Waandishi wa Kireno wasimulia kuwa Amiri alitaraji mgeni yule atamuua rehani na kumwondolea mshindani. Ankoni akalipa mwenyewe.

Hapa natutue kidogo. Dhahabu ya Kilwa ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru ifuliwe chombo cha kuonyeshea ekaristi, kitu kitukufu kuliko vyote katika ibada ya Wakatoliki. Sonara Gil Vicente alikimaliza mwaka 1506, na maandishi ya kitako chake yanaitaja Kilwa kwa jina. Yaani Haji Muhammad, kwa kujikomboa katika deni la mtu mwingine, aliipamba altare ya dini isiyo yake. Sijui kisa kingine cha pwani yetu chenye kejeli kali kuliko hiki.

Mwezi wa Julai 1505 akaja Francisco de Almeida. Mji ukatekwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtafuta wa kumkalisha. Ankoni akakubali. Taji la dhahabu alilovikwa, husemwa, lilikuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin. Lilitua kichwani pake kwa kuwa ndilo lililokuwapo. Hakubatizwa. Aliapa utii, kisha akaomba jambo moja: mrithi wake awe mwana wa al-Fudail, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na wanawe wazima.

Ombi hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kibaraka haombi hivyo. Huyu alijua kuwa kiti si chake, akataka kukishika kama amana hadi mwenyewe apatikane. Lakini amana hutolewa na mwenye mali. Je, aliyevunja mlango aweza kumwekesha mtu amana ya vyombo vya nyumba?

Katika karne hiyo hiyo waungwana wa Uingereza waliobaki Wakatoliki chini ya Malkia Elizabeth walikabiliwa na swali lile lile kutoka upande wa pili. Philip Howard, mtawala wa Arundel, alikaa kifungoni miaka kumi na kufia humo mwaka 1595. Anthony Browne alipita njia nyingine: mwaka 1559 alisimama barazani kwao kuipinga sheria ya kumfanya Malkia mkuu wa kanisa, kisha akaendelea kumtumikia Malkia huyo huyo, hata akamkaribisha nyumbani kwake Cowdray mwaka 1591. Kanisa lilimtangaza Howard mtakatifu mwaka 1970. Browne alifia kitandani, na sioni kuwa alikuwa mwongo. Tofauti yake na Ankoni ni kwamba Malkia wake alikuwa wa nchi yake. Hakuja na mizinga kutoka ng'ambo.

Ankoni naye aliuawa kitandani, kwa maana nyingine ya neno. Wareno walikuwa wamemkamata mwana wa mtawala wa mji jirani, Tirendiconde, jamaa ya Ibrahim. Ankoni akamkomboa kijana na kumrudisha kwao. Baba yake akamwalika mkombozi aende apokee shukrani, na usiku, usingizini, akauawa. Ilikuwa mwaka 1506. Mtu aliyezoea kuwalipia wengine fidia alidhani wengine nao huhesabu hivyo.

Mimi simwiti msaliti. Kulipa mwaka 1502 kulikuwa uungwana mtupu. Kulipokea taji mwaka 1505 kulikuwa kosa, na nadhani alilijua, ndiyo maana aliomba alichoomba. Hata ombi lenyewe halikusimama: baada yake mwanawe Haji Hasan alipewa kiti, damu ikamwagika kwa kisasi, wafanyabiashara wakahama. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, na Ibrahim akarudi mjini kutawala.

Chombo cha Gil Vicente kingali Lisbon, katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale. Jina la Kilwa lasomeka. La Ankoni halimo.