Tawakuli na Tairi Kipara

Katika njia za udongo za Chamazi, wilayani Temeke, na Mabwepande, wilayani Kinondoni, ambazo masika huzijaza tope, bodaboda huibua swali la tawakuli, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya mtu kutimiza wajibu wake. Tairi kipara, ambalo mistari yake ya kung'ata ardhi imelika, huteleza hata dereva awe hodari, nayo shokapu inayovuja mafuta huliacha gurudumu likirukaruka na kukosa mshiko pale breki inapohitajika. Dereva aliyeyaona hayo asubuhi, kisha akampakia mama mwenye mtoto mgongoni huku akisema Mungu atasaidia, amezihatarisha roho alizokabidhiwa. Na mmiliki anayedai hesabu kila jioni bila kutoa fedha ya tairi anashiriki dhima hiyo kikamilifu.