Kiambaza cha Kati



Hekalu la Yerusalemu, lile alilolijenga upya mfalme Herode, lilikuwa na ua ndani ya ua. Ua wa nje ulikuwa wazi kwa watu wa mataifa yote. Kisha palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, ambao Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi, anasema kimo chake kilikuwa dhiraa tatu. Juu yake yaliwekwa maandishi ya Kiyunani na Kilatini kumwonya mgeni asipite, na kwamba atakayekamatwa ndani atakuwa amejitakia mauti mwenyewe. Jiwe moja la maonyo hayo lilifukuliwa mwaka 1871, nalo limehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho huko Istanbul. Ndani ya ukuta huo palikuwa na ua wa wanawake, na kwa kawaida hapo ndipo walipoishia. Wanaume wa Israeli walipanda ngazi 15 wakaingia ua wao. Mbele yao makuhani, na mwisho kabisa pazia, ambalo Kuhani Mkuu peke yake alilipita, tena siku moja tu katika mwaka. Hivyo mtu aliweza kupima umbali wake na mahali patakatifu kwa kutaja taifa lake, jinsia yake na ukoo wake.

Tunaposoma Waefeso 2:14, kwamba Kristo alikibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga, huwa tunapita haraka kana kwamba ni mfano tu wa maneno. Haukuwa mfano. Mtume Paulo alikuwa kifungoni alipoandika, na ukuta ule ndio uliompeleka huko. Someni Matendo 21. Watu walikuwa wamemwona mjini pamoja na Trofimo, mtu wa Efeso, wakadhani amemwingiza hekaluni. Wakamkokota nje wakitaka kumwua. Basi anawaandikia watu wa mji wa Trofimo akiwa na mnyororo mkononi, na kuwaambia ukuta umevunjwa! Mawe yalikuwa yangali yamesimama siku ile alipokamatwa.

Wazee wa dayosisi yetu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuja kwetu Masasi mwaka 1960, alikuwa ameziona kuta za namna hiyo huko Afrika Kusini. Alikuwa padre Sophiatown tangu mwaka 1943, na Februari 1955 alishuhudia askari na malori wakianza kuwahamisha watu kwa sababu ya rangi yao. Askofu Mkuu Desmond Tutu alizoea kusimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwona padre huyo Mzungu akimvulia kofia mama yake, mwanamke Mwafrika aliyefanya kazi ya kupika na kufua. Mtoto alistaajabu. Nchini mle Mzungu hakumvulia kofia Mwafrika, sembuse mwanamke, sembuse mtumishi. Kuta tatu zilipitwa kwa mkono mmoja, na hapakuwa na hotuba.

Mwaka 1957 serikali ya huko ilileta muswada wenye kifungu cha kumwezesha waziri kuwazuia Waafrika kusali katika makanisa yaliyo sehemu za Wazungu. Geoffrey Clayton, Askofu Mkuu wa Cape Town, aliandika barua kwa Waziri Mkuu kusema kwamba hataweza kuitii sheria hiyo wala kuwashauri watu wake waitii. Aliitia sahihi Jumatano ya Majivu. Kesho yake akafariki.

Kwetu hapana sheria ya namna hiyo, nasi tumezoea kujishukuru kwa hilo. Kanisa letu la Masasi lilianzishwa mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, na yawezekana baadhi yao waliuzwa na jirani za wenzao. Hao ndio waliokaa pamoja na kusali pamoja. Sisi wajukuu, tukimwona mtu mpya kanisani, swali letu la kwanza ni, "Huyu wa wapi?" Na jibu likiwa si Mmakua, wala Myao, wala Mmwera, wala Mmakonde, tunasogea kidogo kwenye benchi, wala si kwa kumpisha.

Kuhusu wanaume kukaa upande wao na wanawake upande wao, hatuna ugomvi mkubwa na desturi hiyo. Wazee waliikuta, na wengine husema inawasaidia kusali. Lakini kwa nini upande mmoja utangulie kwenda kupokea Meza ya Bwana kila Jumapili? Na kwa nini kokoto za msingi wa ukumbi wetu zipondwe na Umoja wa Akina Mama, kisha wanaokaa kuamua matumizi ya ukumbi wawe wanaume watupu isipokuwa mama mmoja anayeandaa chai?

Sisi tunaoandika hatusemi haya tukiwa safi. Tulifundisha miaka mingi, na kabla ya hapo chuoni tulifunzwa vizuri kupanga darasa. Tuliwatuma wasichana kuteka maji ya nyumba za walimu kipindi cha hesabu, wavulana wakabaki na ubao. Mwisho wa mwaka tulitazama matokeo tukasema wasichana ni wazito wa hesabu. Hatukuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalotusumbua.

Tena miaka michache iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu, aliyehamia hapa kutoka upande mwingine wa nchi, alifiwa na mtoto. Alikuwa akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mahesabu ya Umoja wa Akina Mama yalikuwa mikononi mwake bila senti kupotea. Walioenda kukesha kwake ni majirani, wengi wao Waislamu, na akina mama wanne wa kanisa. Sisi wazee wa kanisa tulichanga rambirambi, tukaitia katika bahasha, tukaituma kwa mtoto wa mmoja wetu. Angekuwa mtu wa kwetu tungelala pale siku tatu. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa pale pale karibu na mlango, na wakati wa kupeana amani alitupa mkono. Tuliupokea. Hatukuwa na la kusema, na hata tulipopata la kusema baadaye, tulichelewa mno kulisema.

Mkutano Mkuu wa mtaa utafanyika mwezi ujao, na pamoja na mambo mengine tutachagua mtunza hazina wa halmashauri. Jina la mama huyo limependekezwa. Tayari tumesikia likijadiliwa chini ya mwembe baada ya Misa, na maneno ni mawili tu: kwamba ni mwanamke, na kwamba si wa hapa. Kuhusu mahesabu yake hatujasikia neno. Padre ameomba kura zipigwe kwa kunyosha mikono. Sisi tutakaa benchi la nyuma siku hiyo, karibu na mlango, na nafasi ipo kwa wengine watakaopenda kukaa nasi.