Ganda

Baada ya sala ya alfajiri, Pangani, niliokota ganda la yai chini ya mnazi wenye viota vya mnana. Lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyofinywa kiganjani, lakini halikuachana. Utando wake wa ndani ulishikilia vipande vyote. Na pale shinani, mwenyewe alikuwepo: nyoka mwembamba, rangi ya udongo.

Nyoka mla mayai. Ukoo wake ni mkubwa, una spishi zaidi ya 1,500, na walio wengi hawana madhara kwa binadamu. (Si wote. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka, Karl Schmidt, alifariki baada ya kuumwa huko Chicago na mmoja wa ukoo huo.) Huyu wetu hana meno ya kutajika. Kwanza hulikagua yai kwa ulimi. Likiwa viza, huliacha. Likiwa zima hulimeza, ingawa ni kubwa kuliko kichwa chake mara kadhaa, na ncha za mifupa ya uti wa mgongo, zilizochomoza ndani ya koo, hulipasua. Ute na kiini huteremka. Ganda hulitema.

Ndege wasipotaga, hali. Hukaa hivyo miezi kwa miezi. Mimi ninayehesabu dakika za kufuturu, nikilifikiria hilo hunyamaza.

Silaha yake ni sauti tu. Akitishwa hujikunja, akasugua magamba yake yanayokwaruza kama tupa, mpaka yatoe mlio wa kifutu aliyekasirika. Hufunua kinywa cheusi, hurusha kichwa. Anaomba aachwe. Sisi tunasikia kifo, tunakimbilia fimbo.

Nami niliikimbilia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nje ya banda la kuku. Marehemu bibi alitoka na kanga yake begani, akachuchumaa, akakifunua kile kinywa kwa kijiti.

"Mjukuu wangu, meno yako wapi?"

Hakunigombeza. Alisema "Astaghfirullah" taratibu, kana kwamba fimbo tuliishika wote wawili, kisha akaniletea jembe nichimbe shimo.

Alfajiri hii ya Pangani nilikaa mchangani, hatua tatu kutoka kwake, nikamwacha anitishe. Alisugua magamba muda mrefu. Kisha mlio ukafifia, mikunjo ikalegea, akapita zake kuelekea kwenye makuti makavu. Ganda nilikuwa nalo bado mkononi, na ndani lilikuwa na unyevu.