Ua Wangu na Njia ya Watu

Ndugu msomaji, si jambo geni mtu kuamka asubuhi akakuta ukuta wa ua wake umepigwa alama ya X, na barua ya halmashauri yamtaka auvunje. Hapo wenziwe hugawanyika. Mmoja humwambia, "Nyamaza, hiyo ni amri ya serikali." Mwengine humwambia, "Usikubali, shindana nao mpaka mwisho." Je, yupi aliyempa nasaha njema? Kwa maoni yetu, hapana hata mmoja, kwani wote wawili wamemjibu kabla ya kumuuliza: ua huo umesimama katika ardhi ya nani?

Tutwae mfano wa Chato, kando ya Ziwa Viktoria. Katika nchi hiyo ua wa asili ni wa minyaa. Minyaa hunenepa mwaka hata mwaka, na matawi yake huingia njiani pasipo mwenye nyumba kukusudia; panga moja latosha kuyarudisha. Siku hizi watu hujenga ua wa matofali. Ukuta hautembei: ukiingia njiani, umepelekwa na mkono wa mtu. Tena Chato, iliyokuwa katika Mkoa wa Kagera mpaka ulipoundwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, ni mji uliokua upesi. Na katika miji kama hiyo mara nyingi nyumba hutangulia, ramani ikafuata. Basi yawezekana mwenye ua ndiye aliyekosa, na yawezekana ni halmashauri.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kamba ya kupimia. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kutwaa ardhi kwa dhulma, ijapokuwa shibiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni mpaka ardhi ya saba. Na njia ni haki ya wote: ya kipofu, ya mtoto aendaye chuoni, ya jeneza. Ukiona umeingia, vunja kwa mkono wako kabla hujavunjiwa.

Ama ukiwa na haki, kuidai si uasi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alitaka nyumba ya Bwana Abbas, ami yake Mtume, ili aupanue Msikiti wa Madina. Abbas akakataa. Khalifa hakutuma watu wa kubomoa. Walikwenda wote wawili kwa Ubayy bin Kaab awahukumu, naye akampa haki Abbas. Umar akakubali. Ndipo Abbas, baada ya kushinda, akaitoa nyumba yake sadaka kwa Waislamu. Tazama, msomaji: alikataa kunyang'anywa, hakukataa kutoa.

Sheria za Tanzania nazo zina mlango wake. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 yataka kibali kabla ya kujenga. Sheria ya Barabara ya mwaka huo huo ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, na aliyekuwa amejenga kihalali katika nyongeza hiyo ana haki ya fidia. Basi weka hati yako, kibali chako na risiti zako. Andika pingamizi kwa adabu. Ikibidi kuishitaki halmashauri, sheria yataka notisi ya siku 90 kwanza. Subiri, wala usiufupishe muda huo kwa rushwa, kwani mwenye haki akihonga ameiharibu haki yake mwenyewe.

Na nyinyi mliopewa madaraka, kamba yenu iwe moja. Ikipita kwenye ua wa mjane ikanyooka, kisha ikapinda kwenye ukuta wa tajiri, hiyo si mipango miji, ni dhulma iliyochorwa kwenye karatasi.

Neno la mwisho kwa mwenye ua. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kusema, atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya mwenziwe, amepewa kipande cha moto. Wakili mzuri aweza kukushindia mahakamani. Lakini hukumu ya hakimu haigeuzi haramu kuwa halali, na shibiri uliyoijua si yako yabaki si yako, hata ukipewa karatasi yenye muhuri. Wallahu aalam.